Barua ya wazi kwa wakubwa wa NCAA, kabla mwanangu hajasaini

Kwa Bwana Charlie Baker na wenzako wa NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, Bwana Greg Sankey na makamishna wote wa zile konferensi kubwa, yaani ligi za vyuo, na marais wa vyuo ambao Jumamosi mnakaa kule juu nyuma ya vioo,

Shikamooni. Najua hamjui kuitikia ila kwetu huwezi kumuanza mtu mzima na shida zako bila kumsalimia, na wengi wenu mmenizidi umri, kwahiyo pokeeni tu.

Mimi ni Mtanzania, mtu wa Muheza, niko Memphis mwaka wa kumi na nne sasa. Nyumbani wakiniulizia wanaambiwa yuko Marekani anabeba boksi, sawa, ila boksi langu mimi linaongea na asubuhi linaamka na hasira, maana kazi yangu ni kuhudumia wagonjwa majumbani, wale ambao hawawezi kujigeuza wenyewe kitandani. Na nina kijana wangu wa miaka 17, alikuja huku mdogo kabisa, anacheza huu mpira wenu wa helmeti, anacheza kona, yaani yule beki wa pembeni anayemkaba mpokeaji, na msimu huu vyuo vimeanza kupiga simu. Kwahiyo mjue naandika kama mzazi na kama mtu anayejua nyumba inanukaje baada ya miaka ishirini ya shingo kuvunjika, na ninachouliza ni nani anamlipia na kumhudumia mchezaji wenu akiumia.

Naandika Kiswahili makusudi. Kiingereza ninacho cha kutosha kuombea kazi, lakini nataka barua hii isomwe pia na wazazi wa Kikongo walioko Louisville, Nashville, Dallas, watu waliotoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu na kwingine, watoto wao wamerefuka ghafla na makocha wanawafuata mpaka kwenye maegesho ya kanisa, alafu mama wa watu anawekewa karatasi za bima mbele anaambiwa saini hapa na hapa. Nyie mtafuteni mtu wa kuwatafsiria, hela mnazo.

Nianze na Chucky Mullins, maana ndo aliyenitoa usingizini.

Kazini kwetu kuna mzee mmoja mweusi, mzaliwa wa Mississippi, shabiki wa Ole Miss, yaani timu ya Chuo Kikuu cha Mississippi, wa kufa na kupona (na hilo lenyewe kwa mtu mweusi wa umri wake ni hadithi ndefu). Mwaka wangu wa tatu hapa akanichukua kwa gari mpaka Oxford, mji wa chuo hicho, saa moja na nusu hivi kutoka Memphis, nikaone mechi. Nilishangaa kama mtu aliyeingia mjini mara ya kwanza. Pale kwenye ule msitu wao wanaouita Grove watu wametandika mahema, wengine wametundika taa za vioo za sebuleni chini ya miti, wamevaa tai na magauni, wanakula toka asubuhi, wanaimba ile Hotty Toddy yao. Mimi nimekulia Simba na Yanga, najua kelele, ila kelele na taa za sebuleni sikuwahi kuona. Basi tulipoingia uwanjani mzee akaninyooshea kidole, niangalie wachezaji wanavyotoka. Pale wanapopita kuna sanamu ya kichwa na mabega ya kijana, na kila mchezaji akipita anaigusa. Nikauliza nani huyo. Mzee hakujibu mpaka wote walipoisha kupita.

Tarehe 28 Oktoba 1989, uwanja huohuo, Ole Miss na chuo cha Vanderbilt, ile siku wahitimu wanarudi chuoni. Robo ya kwanza ya mchezo, Vanderbilt wako karibu na mstari wa goli, mpira unarushwa kwa Brad Gaines, na Mullins, beki namba 38, mtoto wa Russellville Alabama aliyefiwa na mama akiwa mdogo akalelewa na familia nyingine, anakuja kwa nyuma mbio zote kainamisha kichwa, helmeti ikampiga Gaines mgongoni. Mpira ukadondoka. Gaines akaamka. Mullins hakuamka. Pingili nne za shingo zimesagika, kuanzia hapo mpaka mwisho hakusimama tena.

Mzee alikuwepo jukwaani siku ile. Nilimuuliza anakumbuka nini, nikitegemea atanielezea ule mgongano. Akasema anakumbuka glasi ya karatasi ya soda, alikuwa ameishika mkononi, na alikuja kustuka kwamba bado ameishika wakati anafungua mlango wa gari kwenda nyumbani, barafu yote imeyeyuka, hajanywa hata funda moja. Miaka yote hiyo hiyo glasi haijamtoka mkononi.

Jumamosi iliyofuata walikuja LSU, timu ya chuo cha Louisiana. Ndoo zikapitishwa jukwaani, ndoo kabisa, watu wanatumbukiza hela. Sasa inabidi mjue uwanja ule enzi zile ulikuwaje. Hiki ndo chuo ambacho 1962 James Meredith kwenda kujiandikisha tu, mtu mweusi mmoja, watu wawili walikufa usiku ule na serikali ikaleta majeshi. Na 1989 bendera za Confederate, yale majimbo ya kusini yaliyopigana kutetea utumwa, bado zilikuwa zinapepea jukwaani kila mechi, chuo kilikuja kuzima mambo yale 1997 kwa kupiga marufuku vijiti vya kushikia bendera, ujanja mzuri tu ule. Mzee anasema alikaa katikati ya zile bendera, anaangalia watu walewale wanaozipeperusha wanaweka noti kwenye ndoo kwa ajili ya mtoto mweusi, hakujua acheke au alie, naye akaweka dola ishirini, ambayo ilikuwa ya mafuta ya gari. Mfuko ule mwisho wake ulipita dola milioni moja. Halmashauri ya mji ikatoa kiwanja, akajengewa nyumba ambayo wilichea inapita milangoni.

Desemba mwaka huohuo Ole Miss wakaja hapa Memphis kucheza Liberty Bowl, mechi ya kufunga msimu, na Air Force, timu ya chuo cha jeshi la anga. Mullins akaletwa chumba cha wachezaji kutoka hospitali, akawaambia maneno mawili tu, it's time, yaani wakati umefika. Wakashinda 42 kwa 29. Alafu yule kijana akarudi darasani, kwenye wilichea. Tarehe 1 Mei 1991 asubuhi anajiandaa kwenda kipindi, pumzi ikakata, bonge la damu limeenda kwenye mapafu. Tarehe 6 akafariki. Miaka 21.

Mimi niliposikia bonge la damu nilinyamaza, maana ndo kazi yangu ile. Mtu asiyetembea damu inalala miguuni, inaganda, siku moja inaanza safari. Sisi kazi yetu nusu ni kupambana na hicho kitu tu, soksi za kubana, kunyoosha miguu, kugeuza.

Sasa sikilizeni mashabiki walichofanya na wanachoendelea kufanya, maana hii barua sio ya kuwalaumu wao. Kila mwaka toka 1990 mchezaji mmoja wa safu ya ulinzi anapewa tuzo ya Chucky Mullins. Barabara ya pale chuoni ina jina lake. Jezi 38 waliistaafisha 2006. Na Brad Gaines, yule wa timu pinzani, ambaye kosa lake lilikuwa kudaka mpira, alikwenda kumuona hospitalini wakawa marafiki, na toka afe anaendesha gari kutoka Tennessee mpaka kaburini Alabama mara tatu kwa mwaka, tarehe ya mechi, tarehe ya kifo na siku ya Krismasi, anafika anasafisha jiwe la kaburi kwa dawa ya vioo na kitambaa. Krismasi jamani, watu wanafungua zawadi yeye anafuta jiwe.

Alafu Iowa State. Jack Trice, mwanamichezo mweusi wa kwanza wa chuo kile, Oktoba 1923 alikwenda kucheza na Minnesota, akavunjika mfupa wa bega kwenye nusu ya kwanza akaendelea kucheza, nusu ya pili akakanyagwa, wakampandisha treni kurudi nyumbani, siku mbili baadae amekufa. Akasahaulika miaka hamsini. Wanafunzi ndo walikuja kumfufua, miaka ya 1970 wakaanza kudai uwanja upewe jina lake, na wakubwa, yaani watu wa viti kama vyenu, wakapiga chenga. 1984 wakakubali eneo la kuchezea tu liitwe Jack Trice, jukwaa hapana, kama vile mtu kukupa sahani akabaki na chakula. Wanafunzi wakahitimu, wakaja wengine, nao wakadai. 1997 ndo uwanja mzima ukaitwa Jack Trice Stadium.

Na Rutgers, Eric LeGrand, 16 Oktoba 2010, mechi na Army, timu ya chuo cha jeshi, mpira wa kuanzisha mchezo, kakimbia kumkaba mtu, akalala pale. Jezi yake 52 ndo ya kwanza kustaafishwa na Rutgers toka waanze kucheza mpira, na hao walianza 1869. Leo ana duka lake la kahawa New Jersey, na mashabiki wanapanga foleni.

Kwahiyo mashabiki wanajua kukumbuka, hilo halina ubishi. Swali langu mimi limeganda kwenye ile ndoo. Kwanini ilipita ndoo?

Mtoto kaumia uwanjani kwenu, kavaa jezi yenu, tiketi mmeuza nyie, televisheni mmeuza nyie, alafu bili inalipwa na mzee wangu kwa hela ya mafuta? Kila mtu akisimulia ile ndoo anasimulia kama jambo zuri, na kwa walioweka hela ni zuri kweli, lakini kwa mtu aliyekuwa ofisini siku ile ni aibu, ni sawa na mwenye nyumba kuona majirani wanamchangia mfanyakazi wake matibabu na yeye anapiga makofi dirishani.

Nitawaambia kwanini inaniuma. Mgonjwa wangu mmoja, simtaji, alikuwa mchezaji wa chuo kidogo tu, leo ana miaka hamsini na kitu. Shingo yake ilivunjika mazoezini. Jumanne. Jukwaa tupu, hakuna bendi, hakuna kamera, makocha na wenzake basi. Kwahiyo hakuna aliyebaki na glasi ya soda mkononi. Hakuna ndoo. Wachezaji wenzake walikuja mwaka wa kwanza, wa pili wakaja wachache, wakaoa wakahama, sio wabaya, maisha tu. Ukutani ana jezi kwenye fremu na kadi moja ambayo gundi imeisha inaanguka kila nikifungua dirisha, naibandika tena.

Usiku wangu kwake ni hivi. Namgeuza saa nne, saa sita, saa nane, saa kumi. Kila nikimgeuza nawasha tochi naangalia kiunoni chini pale mfupa unapogusana na godoro, nikiona wekundu usioondoka nikibonyeza ujue kidonda kinakuja, na kidonda cha pale kinaweza kumlaza mtu hospitali miezi. Mpira wa mkojo ukijikunja kidogo tu chini ya paja yeye hasikii maumivu, ila mwili unasikia, presha inapanda ghafla, jasho linamtoka usoni, kichwa kinamgonga, na mimi nina dakika chache za kutafuta pale ulipojikunja kabla hajapata kiharusi. Na pua. Watu hawafikirii pua. Pua ikimuwasha saa tisa usiku ananiita, ananiomba samahani kwanza, kila mara anaomba samahani, alafu namkuna.

Masaa anayolipiwa ya mhudumu hayatoshi siku nzima. Yanayobaki anakaa dada yake, ana miaka sitini na mgongo mbovu.

Jumamosi anapenda mpira mpaka leo, hataki nizime. Mchezaji akilala chini, wenzake wanapiga magoti, uwanja unakaa kimya, mtangazaji anashusha sauti, na kamera zinakwenda usoni kwa yule kijana. Mgonjwa wangu anakasirika. Anasema waambie washuke miguuni, waonyeshe miguu, anataka kuona vidole vya miguu kama vinacheza. Alafu machela inakuja, kijana ananyanyua dole gumba, watu themanini elfu wanapiga makofi, matangazo ya bia, mchezo unaendelea. Siku moja akaniambia, mimi sikuwa na dole la kunyanyua, na hata ningekuwa nalo ningemnyanyulia nani.

Sasa nasikia mnasema tuna bima siku hizi. Ni kweli, na sitaki kuwa mtu wa kulalamika bila kusoma, nimesoma. Ile bima yenu ya majeraha makubwa inaweza kufika dola milioni 20 kwa mtu mmoja, hongereni. Lakini haianzi kulipa mpaka gharama zipite dola 90,000, na hizo za kwanza sheria yenu inasema chuo kihakikishe tu mchezaji ana bima inayozifunika, na bima hiyo inaruhusiwa kuwa ya baba yake. Yaani mimi. Mimi mwenye bima ya kazini ambayo nikienda kung'oa jino napigiwa simu tatu. Na hiyo milioni 20 ni ya yule aliyeharibika kabisa. Aliyeharibika nusu, goti lililosagika, kichwa kilichopigwa mara nyingi mpaka akifika arobaini anasahau njia ya nyumbani, huyo toka Agosti 2024 mmemuwekea miaka miwili baada ya kuacha kucheza, kiwango cha juu dola 90,000 kwa jeraha moja. Miaka miwili! Goti la mtu wa miaka 22 linaanza kudai deni lake akiwa na 45.

Wala hamkuanza jana kukwepa. 1955 Ray Dennison alikufa kwa kuumia kichwa akichezea chuo kimoja Colorado, mjane wake akaomba fidia ile anayopata mjane wa mfanyakazi yeyote, na 1957 mahakama kuu ya jimbo ikamnyima, ikisema chuo hakiko kwenye biashara ya mpira. Miaka hiyohiyo Walter Byers, bosi wenu wa kwanza, alisimamia kulisambaza lile neno "mwanafunzi mwanamichezo", na alipostaafu aliandika mwenyewe kwamba lilikuja kwa kuogopa fidia za namna hiyo. Hata ukisikia jinsi linavyotamkwa kwenye televisheni, limepigwa pasi. Kent Waldrep wa TCU, chuo cha Texas, akavunjika shingo 1974 Birmingham wakicheza na Alabama, akapigania fidia, 1993 tume ya fidia ya jimbo la Texas ikampa haki, kampuni ya bima ikakata rufaa, na mwaka 2000 mahakama ikasema hakuwa mfanyakazi. Miaka 26 toka aanguke mpaka kuambiwa hakuwa kazini.

Na kinachonichekesha, kicheko cha uchungu, ni kwamba nyie wenyewe mmezaliwa na majeraha. 1905 vijana wasiopungua 18 walikufa kwenye mchezo huu msimu mmoja, Rais Theodore Roosevelt akawaita watu wa Harvard, Yale na Princeton Ikulu akawaambia mrekebishe, na mwaka uliofuata ndo kikaanzishwa chama ambacho 1910 kikaitwa NCAA. Kazi ya kwanza mliyopewa duniani ni hii. Televisheni zimekuja baadae.

Nitende haki, kuna mlichofanya. 1976 mlipiga marufuku kumvaa mtu kwa kutanguliza kichwa na shingo zinazovunjika zikapungua sana, kuna vijana wanatembea leo na hawajui wanatembea kwa sababu ya ile sheria. 2013 mkaanza kumtoa nje kabisa anayelenga kichwa cha mwenzake. Baada ya LeGrand mpira wa kuanzisha ukasogezwa mbele, ili uende nje mara nyingi zaidi watu wasigongane. Na skolashipu siku hizi haifutwi kwa sababu mtu kaumia. Nimeona yote. Mimi mwenyewe uani namwambia kijana wangu kila siku, kichwa juu, macho juu, ukiona nyasi umekosea, mpaka mama yake anatoka jikoni anasema na mimi nimeshika sasa naweza kucheza.

Ila msiniambie hela hakuna. Juni 2025 jaji Claudia Wilken alipitisha ile suluhu ya kesi ya House, ya wachezaji kudai malipo, na sasa chuo kinaruhusiwa kuwalipa wachezaji wake, mwaka wa kwanza tu, 2025-26, kiwango kilikuwa mpaka dola milioni 20.5. Haki za kuonyesha ile michuano yenu ya mwisho televisheni ya ESPN wamezinunua kwa dola bilioni 7.8 kwa miaka sita (na najua NCAA mtasema hiyo sio yetu ni ya makamishna, na makamishna mtasema bima sio yetu ni ya NCAA, ndo maana nimewaandikia wote bahasha moja). Texas A&M 2023 walikubali kumlipa kocha Jimbo Fisher zaidi ya dola milioni 75 aondoke. Aondoke! Asifanye kazi! Na kuna dada wa miaka sitini anamgeuza kaka yake saa kumi alfajiri bure.

Ninachotaka sio kikubwa kwa watu wa hesabu hizo. Zile 90,000 za mwanzo ziwe zenu, zote, bima ya mzazi isiguswe, tena iandikwe kwa maneno ambayo mama wa Nyarugusu akitafsiriwa na mtoto wake wa darasa la nane ataelewa. Miaka miwili ifutwe, jeraha la mchezo wenu likilipuka baada ya miaka ishirini daktari wenu alione na mlipe. Masaa ya mhudumu yahesabiwe kwa siku ilivyo, siku ina masaa 24 na pua haina ratiba. Na muwatafute wa zamani, wale wa Jumanne, walioumia kabla hamjaweka hata hiyo bima mnayojisifia, majina mnayo kwenye makabrasha ya vyuo, kila mchezaji mliwahi kumpima urefu na uzito mkaandika, hamshindwi kujua nani hakumaliza msimu na kwanini.

Na mkishafanya hivyo sanamu zibaki, na makofi yabaki. Siku ile ya Oxford baada ya mechi tulipita tena pale, watu wameisha, mzee wangu hakuweza kuifikia ile sanamu ilipo, kuna kizuizi, akanyoosha tu mkono hewani kwa mbali kama anayemsalimia mtu ng'ambo ya barabara. Ule mkono ni wake, hamna mnachomdai.

Wiki iliyopita kocha mmoja alikuja nyumbani kwetu, mtu mzuri, alikula pilau akaongezwa, akamwita mke wangu mama, akasema kijana wenu akija kwetu sisi ni familia. Nikamuuliza, akivunjika shingo Jumanne mazoezini nani anamgeuza saa nane usiku, na mpaka lini? Akaweka kijiko chini. Akasema hilo ni swali zuri, ngoja aulize. Nilimhurumia kwa kweli, maana sio yeye anayelijua jibu, ni nyie.

Mwanangu anatakiwa kusaini mwezi wa kumi na mbili. Karatasi ziko juu ya friji, chini ya mtungi wa asali, ukurasa wa bima nimeukunja sikio. Mimi natoka shifti saa moja asubuhi, mkipiga kuanzia saa mbili nitakuwa macho.

Baba wa kona namba 21,
Memphis, Tennessee